Ukifungua mgahawa wa Kimalesia, anza na sambal

Msomaji wa London ameandika. Yeye na mkewe, mzaliwa wa Penang, wanafungua mgahawa mdogo wa familia, na menyu yao ina vyakula arobaini. Ndugu yangu, punguza. Jiko la watu watatu linabeba kumi, na cha kwanza kiwe nasi lemak: wali wa nazi, sambal (rojo la pilipili lililokaangwa), dagaa wa kukaanga, karanga, tango na yai. Mmalesia akiingia, atakupima kwa sahani hiyo.

Sambal ipikwe jana yake. Chukua pilipili kavu gramu 100, toa mbegu, loweka kwenye maji ya moto nusu saa, kisha mwaga maji hayo. Belacan, yaani uduvi uliochachushwa kwa chumvi, gramu 20, ichome kwenye kikaango kikavu hadi inukie. Saga vyote pamoja na vitunguu vidogo vyekundu gramu 300 na punje tano za kitunguu saumu. Kaanga kwa mafuta mililita 250, moto mdogo, dakika 40 hivi, huku ukikoroga. Wengi huipua mapema kwa kuwa rangi imeshapendeza. Rangi inadanganya! Ngoja mafuta yajitenge na kupanda juu. Kabla ya hapo maji ya vitunguu bado yamo, ukali wa pilipili mbichi haujatoka, na sambal itachacha upesi. Ukwaju na sukari tia mwishoni. Sukari ikitangulia hushika chini na kuleta uchungu.

Wali nao huungua chini na kubaki kiini juu pale tui zito linapomiminwa lote mwanzoni. Fanya kama wapishi wa Pwani: kilo 1 ya mchele, tui jepesi lita 1, chumvi, tangawizi iliyopondwa na majani ya pandan, yale ya kunukia, yaliyofungwa fundo. Tui likikauka, mimina kasimile, yaani tui zito, mililita 200, funika, palia dakika 15.

Roti canai, chapati ya Kimalesia ya tabaka, iache kwanza, isipokuwa yupo anayejua kuirusha. Madonge yake yanataka kulala usiku kucha ndani ya samli. Yasipopumzika huchanika mkononi.

Kwa Uingereza, wali unaosubiri wateja usishuke chini ya nyuzi 63. Uliobaki upoze ndani ya saa moja, weka kwenye friji, na kesho yake uishe. Bakteria wa wali, Bacillus cereus, huacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi.

Sheria ya huko inataka mteja aambiwe vyakula 14 vinavyoleta mzio. Nasi lemak ina karanga, samaki, yai na uduvi, na huo uduvi ndio husahaulika kwa sababu hauonekani. Wasiokula nyama wala samaki wapikie sambal isiyo na belacan, kwenye sufuria yake na kwa mwiko wake.