Mtahini wa hataza amelikataa dai langu la mpini wa drili ya nyundo: nijibu vipi?

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni fundi mitambo. Nimebuni drili ya nyundo ya kushika mkononi inayotumia betri. Mpini wake haujafungwa moja kwa moja kwenye bodi: unateleza mbele na nyuma kwenye reli mbili fupi, na katikati ya bodi na mpini kuna springi mbili, moja juu na moja chini. Betri inachomekwa kwenye kitako cha mpini, si kwenye bodi yenye mota. Katika maelezo niliandika kwamba springi ya chini ni ngumu mara tatu ya ile ya juu "ili mpini usicheze kama bembea betri ikiwa imefungwa".

Ofisi ya hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) imeniandikia hivi kuhusu madai yangu, yaani sentensi zinazotaja ninachotaka kilindwe. Dai la 1, la mpini uliounganishwa na bodi yenye mota kwa angalau kitu kimoja kinachonyumbuka, si jipya, kwa sababu hati D1 inaonyesha drili ya zamani ya waya yenye mpini uliokaa kwenye springi mbili zinazolingana. Dai la 2, la betri kwenye mpini, ni jambo la wazi ukiunganisha D1 na D2, ambayo ni msumeno wa mnyororo wa petroli wenye tangi upande wa mpini. Dai la 3, la swichi kuwekwa chini badala ya juu, ni kuhamisha kifaa tu. Dai la 4, la umbo la mpini linalovutia, si la kiufundi. Hiyo D1 sijawahi kuiona sokoni, na nadhani haikutengenezwa kamwe. Na msumeno wa kukatia miti unahusiana nini na drili ya zege? Nimepewa miezi 4. Nipambane au niache?

JIBU

Pambana, ila hizo hoja mbili za mwisho uziache nje ya barua yako.

D1 kutoonekana dukani hakuipunguzii nguvu yoyote. Anachotazama mtahini ni kama maarifa yalikwisha kuwekwa wazi kwa umma kabla ya tarehe yako ya maombi. Mchoro uliolala kwenye kabati la hataza miaka hamsini bila mtu kuutengeneza unatosha, mradi fundi mwenye ujuzi wa kawaida akiusoma anaweza kukitengeneza kitu chenyewe. Kuhusu msumeno, nakuelewa, lakini mtahini ana haki. Hati ya fani nyingine inaruhusiwa ikiwa inashughulikia tatizo lilelile, na hapa hata fani si nyingine sana: wewe na mwenye D2 wote mna mashine ya kushika mkononi inayotetemesha mikono ya mtumiaji. Watengenezaji wa misumeno ya mnyororo walishughulika na mipini inayokaa juu ya raba tangu miaka ya 1960. Ukitumia kurasa tatu kulalamika kwamba mti si zege, mtahini atajua huna hoja nyingine.

Sasa chukua dai lako la 1 ulikate vipande. Kwa jinsi ulivyonieleza, linasema: drili ya nyundo yenye bodi, mota ndani ya bodi, na mpini uliounganishwa na bodi kwa angalau kitu kimoja kinachonyumbuka. Bodi, D1 inayo. Mota, inayo. Mpini, upo. Kitu kinachonyumbuka, zipo springi mbili, na "angalau kimoja" inazimeza zote. Kwisha. Dai halitaji betri, halitaji reli, halisemi lolote kuhusu tofauti ya ugumu wa springi. Uliyonayo mkononi ni mashine nzuri, lakini mtahini halinganishi mashine yako na D1. Analinganisha sentensi yako na D1, tena sentensi hiyo anaisoma kwa upana wote ambao maneno yake yanaruhusu. Wavumbuzi wengi hukwama hapa. Wanaandika barua ya kueleza jinsi kifaa chao kinavyofanya kazi vizuri, ilhali uzuri wenyewe haumo ndani ya dai. Kwa dai la 1, kubali yaishe.

Zingatia pia kwamba uko kwenye uwanja uliojaa. Kampuni ya Fein ya Stuttgart ilikuwa na drili ya umeme ya kushika mkononi mwaka 1895, na hataza ya Black na Decker yenye mpini wa bastola na swichi ya kidole ilitolewa Marekani mwaka 1917. Tangu hapo kampuni nyingi za vifaa zimeandikisha mipini yao. Kabla hujatuma jibu, kaa siku moja kwenye Espacenet, hifadhidata ya hataza ya mtandaoni ambayo ni bure, upekue makundi matatu ya uainishaji: B25D 17/04 (mipini ya vifaa vya kugonga), B25F 5/02 (bodi na mipini ya vifaa vya umeme vya mkononi) na B25F 5/006 (kupunguza mtetemo). Mtahini alipita humohumo, na ukirekebisha madai atapita tena. Heri ukutane na hati nyingine ya kukupinga, yaani D3, wewe kwanza.

Dai la 2 ndilo lenye utamu, na ndilo lenye mtego.

Faida ya kuweka betri upande wa mpini ni ya kweli, na inahesabika. Tuseme drili inagonga mara 4,500 kwa dakika, yaani mara 75 kwa sekunde. Tuseme mpini mtupu una kilo 1 na springi zake zinaufanya utetemeke wenyewe mara 40 kwa sekunde. Nikipuuza uzito wa mkono na msuguano wa reli, karibu asilimia 40 ya mwendo wa bodi inafika mkononi. Ongeza betri ya kilo 1 upande wa mpini bila kugusa springi: mtetemo wa asili wa mpini unashuka hadi kama 28 kwa sekunde, na kinachofika mkononi kinabaki asilimia 17 hivi. Bila betri pale, ungelazimika kulegeza springi hadi nusu ya ugumu wake ili upate matokeo hayo, na springi legevu ina ubaya wake: fundi akiisukuma drili ukutani mpini unagota mwisho wa reli, na kinga yote inapotea.

Hesabu safi kabisa. Hoja hiyo, hata hivyo, haitakuokoa, kwa sababu tangi la petroli katika D2 linafanya kazi hiyohiyo. Uzito umewekwa upande wa mkono, mtetemo unapungua. Mtahini atakuambia kwamba fundi aliyeiona D2 na kupewa kazi ya kuiboresha D1 kwa umeme wa betri angeiweka betri palipokuwa tangi. Mimi ningekuwa kwenye kiti chake ningesema vivyo hivyo.

Ushindi wako uko kwenye ile sentensi ya springi ya chini kuwa ngumu mara tatu, ambayo hata dai halina. Ukining'iniza betri kwenye kitako, kitovu cha uzito cha mpini kinashuka. Springi mbili zinazolingana, kama za D1, zinasukuma kwa pamoja kwenye mstari unaopita katikati yao, juu ya kitovu hicho. Kila pigo basi halisukumi mpini tu, linaupindua pia: juu unakwenda huku, chini unabaki nyuma, na reli zinakwama. Ili mpini uende moja kwa moja, ugumu wa springi ya juu ukizidishwa kwa umbali wake hadi kitovu cha uzito lazima ulingane na ugumu wa springi ya chini ukizidishwa kwa umbali wake. Kitovu kikiwa sentimita 12 kutoka springi ya juu na sentimita 4 kutoka ya chini, ya chini inatakiwa iwe ngumu mara tatu. Naamini hapo ndipo ile "mara tatu" yako ilipotoka, hata kama uliipata kwa kujaribu karakanani.

Itazame D2 tena ukiwa na hilo kichwani. Tangi linaanza likiwa limejaa na kumalizika likiwa tupu. Uzito wake unabadilika kazi ikiendelea, na kitovu cha uzito kinahama nao. Hakuna fundi ambaye angepanga ugumu wa raba za msumeno kufuata kitovu kisichotulia, na kwa jinsi ulivyoieleza, D2 haifanyi hivyo. Betri ikiwa imejaa au imeisha, uzito wake ni uleule. Kwa hiyo anayeunganisha D1 na D2 anapata mpini wenye springi zinazolingana na uzito chini, yaani mpini unaocheza bembea. Anapata tatizo lako, hapati jibu lako. Hoja hiyo iwe aya ya kwanza ya barua.

Dai jipya ningelianzia hapa: "Drili ya nyundo ya kushika mkononi yenye bodi iliyobeba mota, mpini unaoteleza kwenye bodi kwa reli katika mwelekeo wa pigo, springi ya juu na springi ya chini kati ya bodi na mpini, na betri inayochomekwa kwenye kitako cha mpini na kusogea pamoja na mpini, ambapo springi ya chini ni ngumu mara tatu ya springi ya juu."

Utataka kuandika "ngumu zaidi" badala ya "mara tatu", na una sababu: mshindani atakayetumia mbili na nusu anakukwepa. Lakini huruhusiwi kuongeza jambo ambalo halikuwemo katika maombi ya awali. Ulaya sharti hilo liko katika Ibara ya 123(2) ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya, na watahini wa huko hawalichezei. Kutoa "mara tatu" na kuweka "zaidi" kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kupanua ulichoweka wazi. Kinachokusaidia ni kwamba uliandika pia sababu, kwamba mpini usicheze. Mtu anaweza kusema msomaji angeelewa kuwa kiini ni tofauti ya ugumu, si namba. Peleka yote mawili: pana kama ombi kuu, nyembamba kama ombi la akiba. Fomula ya umbali na kitovu usiiingize kwenye dai kama haimo katika maelezo yako ya awali. Itumie kwenye barua, kama maelezo ya kwa nini kifaa kinafanya kazi.

Jiandae na swali moja gumu: mteja akichomeka betri kubwa zaidi, kitovu si kinahama? Kinahama. Kama maelezo yako yanataja aina moja ya betri, shikilia hiyo. Kama hayataji, onyesha kwa vipimo kwamba hata kwa betri kubwa mpini unacheza kidogo kuliko ule wa springi sawa. Vipimo vyenyewe si kazi kubwa. Funga kipima mtetemo kwenye mpini, tumia utaratibu wa ISO 5349 (kiwango cha kimataifa cha kupima mtetemo unaofika mkononi), pima springi sawa na springi zako, betri ileile, zege lilelile, fundi yuleyule. Jedwali la mistari miwili lina uzito kuliko kurasa za sifa.

Dai la 3 liache. Kuna kesi ya Marekani ya mwaka 1950, ya Japikse, ambamo mvumbuzi alihamisha swichi ya kuwashia kwenye mashine ya kushindilia ya haidroli. Mahakama ilisema kuihamisha hakukubadili namna mashine inavyofanya kazi, hivyo hakuna hataza. Watahini wa huko wanainukuu hadi leo. Lakini usome upande wake wa pili pia: kubadili mpangilio kunapobadili utendaji, lawama hiyo haishiki. Mtahini akikuambia kwamba tofauti ya springi ni kupanga upya tu, ile hesabu ya kitovu cha uzito ndiyo jibu.

Kabla ya kutuma, omba kuzungumza na mtahini kwa simu au video. Ofisi nyingi zinaruhusu. Dakika ishirini za kumwonyesha mpini unaopinduka kwenye mchoro mmoja zinaweza kukuokolea duru nzima ya barua. Nenda na rasimu ya dai, usiende mikono mitupu.

Dai la 4 lina mlango wake, nao ni usajili wa muundo wa viwandani, unaolinda sura ya kitu na si kazi yake. Haraka ipo hapa kuliko unavyodhani. Chini ya Mkataba wa Paris wa kulinda mali ya viwanda, muda wa kipaumbele, yaani wa kupeleka maombi nchi nyingine ukihesabiwa tarehe yako ya kwanza, ni miezi 12 kwa hataza lakini miezi 6 tu kwa muundo. Isitoshe, maombi ya hataza kwa kawaida huchapishwa miezi 18 baada ya tarehe ya kwanza ya maombi, na michoro yako ikishachapishwa inaweza kuuua upya wa muundo wako mwenyewe. Umoja wa Ulaya na Marekani wanakupa mwaka mmoja wa neema kwa ulichokitangaza mwenyewe. Si nchi zote zina ukarimu huo.

Kwenye michoro ya muundo, usichore drili nzima kwa mistari kamili. Sehemu zinazofuata kazi tu, kama reli na mdomo wa kuchomekea betri, zichore kwa mistari ya vipande, kuonyesha kwamba huzidai. Sura inayolazimishwa na kazi ya kiufundi pekee hailindwi. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema hivyo waziwazi katika kesi ya kampuni ya DOCERAM mwaka 2018. Mkunjo wa mgongo wa mpini, kama uliuchagua kwa jicho na ungeweza kuuchora kwa namna nyingine kumi, huo uchore kwa mstari kamili.