Kabla hujaniambia Emacs imeganda

Wiki hii nimeitwa mara nne pale maabara kwa sentensi ileile, kuhusu kihariri tunachoandikia uthibitisho: "Kaka, Emacs imeganda." Mara nne nimeacha chai, nimevuka chumba, nimeinama begani kwa mtu, nimebonyeza C-c C-c (Ctrl na c, mara mbili), na kila kitu kimerudi. Haikuwa imeganda. Kuna mtu alikuwa ameiagiza Coq, programu inayokagua uthibitisho wa hesabu, ikunjue 2 ^ 30 kwenye nat (namba kuanzia sifuri kwenda juu), ambako namba ni S, yaani "inayofuata", ndani ya S ndani ya S, na Proof General, inayoiunganisha Emacs na Coq, ilikuwa inasubiri jibu kwa adabu zote.

Wadogo zangu, nawapenda, ila chai ya nne nimeinywa baridi. Ndiyo maana naandika. (Najua tangu 2025 inaitwa Rocq. Ulimi wangu umeshazeeka na Coq, mnivumilie.)

1. C-c C-c kwanza. Ikigoma, C-c C-x inaiua Coq peke yake na faili lako linabaki salama. Na ninyi mliotoka VS Code: hapa Ctrl-Z hairudishi maandishi, inaficha dirisha zima. Kurudisha maandishi ni C-/, kurudisha uthibitisho hatua moja ni C-c C-u. Kuna binti alikaa asubuhi nzima akiamini kompyuta ya maabara ina kirusi, maana kila akikosea dirisha "linakimbia". Hakuuliza mtu. Ulizeni jamani, hata chai ikipoa.

2. C-c C-b, inayokimbiza faili zima, ni ya faili lililokwisha. Unapoandika, tembea na C-c C-n, mstari mmoja mmoja, macho kwenye dirisha la malengo, yaani kilichobaki kuthibitishwa. Nawaona mnavyobandika taktiki (amri za kuthibitisha) kumi na mbili kisha mnazikimbiza zote mkiomba Mungu.

3. Ile buluu, rangi inayopakwa mistari ambayo Coq imeshaipitisha. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoaibika.

Mradi wangu wa mwisho ulikuwa daftari la kikoba: wanachama, hisa, na vitendo viwili, toa na weka. Nilitaka kuthibitisha kwamba hata utoe na kuweka kwa mpangilio gani, haizaliwi shilingi ambayo haikuwepo. Salio nililifanya kuwa nat, maana nani ana salio hasi kwenye kikoba? Siku ya tatu nikahitaji lema (hoja saidizi) ndogo, ya kupitia tu:

Lemma toa_weka : forall a b : nat, a - b + b = a.

Mtoto wa darasa la tatu anaijua hiyo. Umetoa, umerudisha, umebaki na kilekile. Nikaandika lia, taktiki inayojimalizia hesabu nyepesi za kujumlisha na kutoa. Ikajibu kwamba haikupata shahidi. Nikajaribu induksheni (unathibitisha kwa sifuri, kisha kwa kila namba inayofuata) kwa a, nikakwama. Kwa b, nikakwama. Saa saba usiku nikaamua kwamba lia haina akili, nikaweka Admitted, neno la kuiambia Coq ikubali bila uthibitisho, na pembeni nikaandika "nitarudi". Kisha, kwa unadhifu wangu, nikaihamishia Misaada.v. Proof General hulipaka neno Admitted wekundu ili likuchome macho. Wekundu ule ukabaki Misaada.v, mimi nikahamia Kikoba.v, ambako kulikuwa na buluu tupu. Wiki tano za buluu. Lema 31. Usiku kabla ya kulala nilikuwa nabonyeza C-c C-b kwa raha tu, niione ile rangi ikishuka mpaka chini ya faili.

Siku ya kuwasilisha, mwalimu wangu alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ameikunja kifuani. Akasema, "Vizuri. Sasa hebu niandikie Print Assumptions."

Nikaandika, C-c C-n, nikingoja ile sentensi ya kwamba theoremu haitegemei dhana yoyote ya pembeni. Dirisha la majibu likaandika Axioms (yaliyokubaliwa bila uthibitisho), na chini yake toa_weka, peke yake, uchi.

"a ni 3, b ni 5," akasema. "Piga hesabu."

Kwenye nat, 3 - 5 ni 0. Hakuna hasi, inakomea sifuri. Ongeza 5, unapata 5. Yaani mwanachama mwenye elfu tatu ametoa elfu tano, daftari limesoma sifuri, amerudisha elfu tano zake, sasa salio lake ni elfu tano. Shilingi za hewani, zilezile nilizokuwa nimesimama mbele ya watu kuapa kwamba haziwezekani. Mwalimu akaniomba nimpishe kiti, akaandika mwenyewe:

Lemma kikoba_kimekufa : False.
Proof.
pose proof (toa_weka 0 1) as H. simpl in H. discriminate.
Qed.

Buluu. Hata hiyo ilikuwa buluu. Ukishaipata False, yaani uongo wenyewe, unathibitisha chochote utakacho, kwa hiyo zile lema zangu 31 hazikuwa na thamani kuliko hiyo moja yake. Nyuma kuna mtu alicheka, halafu akajifanya anakohoa.

Lililoniuma zaidi nililiona nyumbani. Kitendo changu cha toa hakikuwa kinakagua salio kabla ya kutoa. Kosa lilikuwa kwenye daftari lenyewe, na lia ilikuwa imeniambia tangu siku ya tatu, saa saba usiku, nami nikaitukana. Aliyestahili kulia alikuwa mimi. Niliweka sharti la b <= a, na lema zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine. Tisa nilizifuta kabisa. Ilinichukua mwezi.

Kwa hiyo: kila jioni zisake admit zote kwa grep -n -i admit *.v, na Print Assumptions iandike chini ya theoremu kuu, iache palepale. Msinijibu "nitarudi". Hakuna aliyewahi kurudi.

4. Tafuta kabla ya kuthibitisha. Search (_ - _ + _) ingenionyesha Nat.sub_add, lema hiyohiyo iliyokwisha kuthibitishwa, ambayo imeweka sharti lake la <= mlangoni kama askari wa getini. Badala yake niliwahi kuthibitisha upya kwamba a + b ni b + a, mara mbili, kwenye mafaili mawili, kwa majina mawili tofauti.

5. Zipe dhana majina. H3 (jina linalotungwa na Coq) ya leo, ukiongeza mstari mmoja juu, kesho ni kitu kingine.

6. Usivute vigezo vyote kwa intros ndipo uanze induction. Dhana ya induksheni itakujia imefungwa mikono, inamjua m mmoja tu, na wewe unahitaji m yeyote. Vuta n peke yake, au revert m kwanza. Juzi nilimkuta kijana amepambana na lema moja tangu mchana, ameandika taktiki hadi ukurasa wa pili. Nikarudisha buluu mpaka juu, nikafuta herufi moja, ile m kwenye intros n m, tukashuka tena na C-c C-n, na nusu ya taktiki zake hazikuhitajika tena. Alinitazama kama mganga. Sikumkanusha.

7. _CoqProject, faili linaloiambia Coq maktaba ziko wapi, iwe kwenye mzizi wa folda, la sivyo utaambiwa maktaba haipo na wewe unaiona kwa macho yako.

8. Ukikuta taktiki ya omega kwenye kitu ulichokopi mtandaoni, ujue ni cha zamani, ilishaondolewa. Tumia lia: Require Import Lia.

Na aliyeacha faili lenye admit mbili kwenye mashine ya dirishani juzi, nimeliona. Ya kwanza inapita kwa lia. Ya pili ni uongo, jaribu n ikiwa sifuri. Njoo nayo kesho, na uje na maandazi.