Kwa Nini Kibubu ni cha Bure

Manyatta, Kisumu
Jumatano usiku

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Nilitaka kukupigia, nikaona simu itatukatiza maneno, bora nikae niandike. Umeniuliza hivi: mwenzako kazini amepiga hesabu akaona programu yangu ya kuhesabia pesa za vyama, Kibubu, ingeuzwa shilingi 300 kwa mwezi kwa kila chama cha kuweka akiba. Basi kwa nini naitoa bure? Na kwa nini mwalimu aliyestaafu anakesha akirekebisha kitu kilichokwisha? Najua umeuliza kwa upendo. Umeyaona macho yangu kila ukija nyumbani.

Nianze na jambo usilolijua, maana wakati huo ulikuwa chuoni.

Desemba 2018, chama cha mama yako, kile cha wauza omena wa soko la Kibuye, kilivunja kibubu kama kila mwaka. Wanachama 27. Sandukuni mlikuwa na faida ya shilingi 41,300, ya kugawana sawa kwa sawa. Programu ikaandika kila mmoja apewe 1,530. Mweka hazina akahesabu noti, akaita majina, akafika kwa mtu wa mwisho, pesa hazikutosha. Zilipungua shilingi kumi.

Kompyuta ilikuwa imesema 1,530, na watu wanajua kompyuta haina tumbo. Sasa kumi imeliwa na nani? Hakuna aliyemtuhumu mweka hazina waziwazi. Yule mama akatoa kumi kwenye pochi yake, akamalizia, mkutano ukafungwa kwa maombi. Baada ya hapo ndipo maneno yakaanza kutembea sokoni: kama kumi imepotea mbele ya macho yetu, ngapi zimepotea mwaka mzima? Mkutano wa Januari hakuja. Wa Februari hakuja. Mama yako aliyajua hayo yote na hakuniambia, kwa sababu hakufikiri yananihusu.

Mwishoni mwa Februari nikapata barua pepe kutoka Mwanza. Kijana nisiyemjua alikuwa ameichukua Kibubu kwa ajili ya kikundi chao cha VICOBA, yaani cha kuweka na kukopa, na kabla ya kuikabidhi pesa za watu akakaa akausoma msimbo wake, yale maagizo yanayoiendesha, mstari kwa mstari. Akasimama pale ninapogawa faida. Aliniandikia kwa adabu: Shikamoo mzee, naona hapa kila fungu unalipandisha au kuliteremsha hadi shilingi iliyo karibu, bila kurudi kujumlisha kuona kama mafungu yote yanalingana na sanduku.

Nikachukua kalamu. 41,300 ukigawa kwa 27 unapata 1,529 na zinabaki 17. Mimi niliiachia mashine ipandishe hadi 1,530, na 1,530 mara 27 ni 41,310. Kumi yenyewe hiyo hapo. Nimefundisha hesabu miaka thelathini, mwanangu, na usiku ule sikulala.

Alikuwa ameniletea na dawa yake: gawanya kwa namba kamili, kisha programu ioneshe peupe zilizobaki ni ngapi na kikundi kiamue. Kwao Mwanza zinaingia mfuko wa jamii. Nilimsomea mama yako barua ile jikoni. Akaweka mwiko chini, akanisimulia habari ya mweka hazina tangu mwanzo. Kesho yake tulikwenda kwake Nyalenda, mimi na mama yako, nikamwomba radhi. Mkutano wa Machi nikasimama mbele ya wote, nikaandika ule mgawanyo kwa kalamu nene juu ya boksi lililokunjuliwa, nikawaambia kosa ni langu na shilingi kumi ya huyu mama irudishwe. Ndiye mweka hazina mpaka leo.

Sasa nijibu swali lako. Kama ningekuwa nimeiuza Kibubu ikiwa imefungwa, mtu asione kilichomo ndani, yule kijana angesomea wapi? Kosa langu lingeendelea kukaa pale kila Desemba, katika kila chama kilicholipa hizo 300, na kila mahali lingetafuta mweka hazina wa kulibeba. Pesa za wauza omena zinapohesabiwa na mashine, wenye pesa wana haki ya kuikagua mashine, au kumtuma mtu wanayemwamini aikague. Hilo silioni kama ukarimu. Ni deni langu kwao.

Ndiyo maana nilichagua leseni ya GPL, ile ambayo Richard Stallman, mwanaprogramu wa Marekani, aliiandika mara ya kwanza mwaka 1989 kwa ajili ya GNU, mradi wake wa programu huru. Mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia Kibubu, kuisoma, kuibadilisha na kumpa mwingine. Akimpa mwingine, ampe na msimbo, kwa masharti yale yale. Leseni hiyo haikatazi pesa. Chama cha Ahero kikiniita niwafundishe, hunilipa nauli na kitu cha juu, na ninapokea. Aliyekuja mwaka jana akitaka kuinunua aifunge, nilimkaribisha chai na kumsindikiza mpaka stejini.

Kuhusu kitu kilichokwisha: hakuna programu inayotumika iliyokwisha. Kibubu niliiandika 2014 kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ya toleo la 2, kwenye zile kompyuta za maabara ya shule zilizokuwa zikifunikwa vitambaa. Ilipofika Januari mosi 2020 toleo hilo likaachwa kuhudumiwa, ikabidi nihamie la 3, na mambo madogo madogo yakavunjika. Jumbe za malipo ya simu nazo hubadilishwa mpangilio bila taarifa, na Kibubu inayozisoma inapigwa na butwaa. Katibu wa chama ananipigia saa tatu usiku. Nifanyeje, nimwambie programu ilikwisha?

Na sijajitungia jambo geni. Shangazi yako alipokuwa muuguzi Eldoret alikuta kumbukumbu za wagonjwa wa kliniki za ukimwi zikihama kutoka kwenye mafaili ya karatasi kwenda OpenMRS. Hiyo ni programu huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, iliyoanza kujengwa 2004 na watu waliokuwa katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, na ikaanza kutumika pale Eldoret mwaka 2006. Leo inatumika katika nchi nyingi, na ilianza kufanya kazi hapa kwetu, upande huu wa Nairobi.

Hata kihariri, ile programu ninayoandikia msimbo kila usiku, Vim, ni cha mtu aliyekitoa bure, Bram Moolenaar wa Uholanzi. Ukikifungua bila faili, kinakuomba usaidie watoto wa Uganda, kwa sababu alijitolea kufanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda, akawabeba moyoni. Alifariki Agosti 2023. Siku ile niliona huzuni kama ya jirani. Lakini wenzake walishika kazi, na Vim ingali inatoka matoleo mapya.

Hapo ndipo hofu yangu ya kweli ilipo, na nakwambia wewe kwanza. Nina miaka 64. Mwaka 2024 nilifuatilia kisa cha xz, programu ya kubana mafaili iliyomo katika mashine nyingi zinazoendeshwa na mfumo wa Linux. Lasse Collin aliitunza miaka mingi, karibu peke yake, bila mshahara, na alikuwa amesema waziwazi kwamba nguvu zinamwishia. Mtu aliyejiita Jia Tan akajitolea kumsaidia, akafanya kazi nzuri zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa, kisha akapachika ndani yake mlango wa siri wa kumwingiza mvamizi. Ulikamatwa na Andres Freund, aliyeona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde, naye hakukubali kuipuuza. Collin simlaumu hata kidogo. Alikuwa ameachiwa mzigo peke yake na dunia nzima iliyoutegemea.

Kibubu ni kidogo, hakuna jasusi anayekitafuta. Ila kuna pesa za watu, na wenye ruhusa ya kupitisha mabadiliko ni wawili tu, mimi na yule kijana wa Mwanza ambaye nilimpa ruhusa baada ya miaka minne ya kusoma kazi yake. Nataka mtu wa tatu. Wewe ni mkaguzi wa hesabu. Kazi yako ya kila siku ni kutokuamini jumla mpaka uijumlishe mwenyewe. Usiogope kwamba hujui Python. Sehemu ya riba ya mikopo ina mistari kama 140 tu, na nimeandika maelezo ya Kiswahili kando ya kila hatua. Isome uniulize kila usipoelewa, maana usipoelewa wewe huenda ndipo nilipokosea.

Chama kinavunja kibubu Jumamosi ya pili ya Desemba. Omba ruhusa mapema, uje ukae kando ya mweka hazina na daftari lako, uhesabu kwa mkono wakati mashine inahesabu. Mama yako anakusalimu sana, amekuwekea omena iliyokaushwa vizuri. Na ukipita kwa wale mafundi wa laptopu huko mjini, niulizie bei ya betri. Yangu inashika dakika arobaini tu, na stima wiki hii imepotea mara tatu.

Baba yako