Nasaba inakatikia kwa mke wa mtu

SWALI: Mume wangu ni Mmarekani, kwao Virginia. Mama mkwe ameshikilia binti yetu wa miaka 19, aliyezaliwa Moshi, aingie Colonial Dames XVII Century, chama cha wanawake wenye asili ya walowezi wa mwanzo wa makoloni ya Waingereza. Nasaba tumeipandisha hadi bibi mmoja aliyezaliwa 1820, hapo tumekwama. Na Uchaga wangu hautaleta shida?
Msomaji, Ohio

JIBU: Dada, Uchaga wako hauna neno. Chama hicho, kilichoanzishwa 1915, kinataka mzee mmoja wa damu aliyeishi na kulitumikia koloni kabla ya 1701, na damu hiyo inaweza kupitia kwa baba. Kwako watahitaji cheti cha ndoa na cha kuzaliwa cha binti. Kilichoandikwa kwa Kiswahili kitafsiriwe.

Sasa huyo bibi. Cheti chake cha kuzaliwa msikitafute, hakipo: Virginia ilianza kuandikisha vizazi jimbo zima mwaka 1853. Na sensa za kabla ya 1850 zilitaja mkuu wa kaya tu. Mke na watoto ni tarakimu kwenye safu za umri. Kwetu Halima binti Saidi huzikwa akiwa binti Saidi hata akiolewa mara tatu. Kule mwanamke akiolewa, jina la baba linamezwa, ndiyo maana nasaba nyingi ninazoletewa hufia kwa mke wa mtu.

Nendeni kwenye kumbukumbu za mahakama ya kaunti alikoolewa. Anzeni na hati ya dhamana ya ndoa: bwana harusi aliweka mdhamini, mara nyingi baba au kaka wa bibi harusi, na binti wa chini ya miaka 21 alihitaji idhini ya mzazi. Halafu someni wosia za wanaume wenye jina la huyo mdhamini. Binti aitwaye Ann anaweza kuwa ameandikwa Nancy, lakabu ya Ann, msimruke. Kaunti kadhaa zilipoteza majalada yake kwa moto, hasa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Yaliyosalia mengi yamo kwenye mikrofilamu katika Library of Virginia, Richmond.

Shajara za nasaba za mtandaoni zisiwadanganye, watu wananakiliana makosa. Kipimo cha DNA nacho kitaonyesha undugu, hakitawatajia jina la baba wa huyo bibi.

Mkiagiza wosia, ombeni nakala ya kurasa zote, si muhtasari. Mkwe wa mwenye wosia, yaani mume wa bintiye, hupenda kujificha mwishoni, kwenye majina ya wasimamizi wa mirathi.