Gia ngumu, nyutro haipatikani, ya tatu inachomoka: pima haya kabla injini haijapasuliwa

Mkuu, nimekuelewa. Pikipiki ya Kichina ya CC 150, gia zinaingia kwa kushindilia, kwenye foleni nyutro huipati mpaka uzime, na siku hizi gia ya tatu inachomoka ukiwa na mzigo. Fundi kasema giaboksi limekufa, lete hela injini ishushwe na kupasuliwa. Mimi nilipiga boda hapa Mbeya kabla ya kuhamia kwenye spana, na kesi za namna hii hazikauki kijiweni. Hapo una magonjwa mawili, na fundi wako ameyatia mfuko mmoja akayapigia bei moja.

Gia ngumu na nyutro kupotea ni ugonjwa wa kwanza, na mara nyingi wala hauko kwenye gia. Fanya hivi: jioni ukirudi kazini, injini ikiwa bado ya moto, izime, ipandishe kwenye stendi kubwa tairi la nyuma liwe hewani. Mwenzako abane klachi. Wewe zungusha tairi kwa mkono huku unabonyeza pedali, panda moja mpaka tano, kisha rudi. Tairi lizunguke, usibonyeze kwa nguvu likiwa limesimama, maana gia zinashikana kwa meno ya ubavuni ambayo lazima yakutane na nafasi zake. Vikisimama vyote, hata pikipiki iliyotoka dukani jana inagoma. Sasa soma majibu. Zikiingia zote kwa ulaini injini ikiwa imezimwa, halafu ukiwasha zinakuwa ngumu, giaboksi lako zima na klachi ndiyo haiachii. Ukiweka gia ya kwanza, klachi imebanwa mpaka mwisho, na tairi bado zito linataka kuburuta injini, jibu ni hilo hilo. Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa na tairi linazunguka, hapo ndipo tutazame pedali, shafti yake na vitu vya ndani.

(Usilifanye jaribio hili alfajiri. Kwa baridi ya huku Juni na Julai oili inakuwa nzito, pleti za klachi zinagandana, na gia ya kwanza ya asubuhi inaruka mbele hata kwenye pikipiki isiyo na kosa.)

Kwenye klachi, anza na waya. Ncha ya mkono wa klachi inatakiwa icheze bure milimita 10 hadi 20 kabla hujasikia uzito. Madereva wengi wanalegeza zaidi ya hapo wakidhani wanatunza pleti, matokeo yake wanabana mpaka mkono unagusa usukani na klachi imeachia nusu tu. Funua ile mpira ya vumbi, utazame pale waya unapoingia kwenye mkono wa klachi. Ukikuta nyuzi mbili tatu zimekatika na kujikunja nje, huo waya umekwisha: zilizobaki zinavutika kila siku, ndiyo maana unarekebisha leo na kesho imelegea tena. Washa sasa, weka gia ya kwanza, bana klachi, pikipiki ikiwa bado kwenye stendi. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia. Mwendo wa tairi ukibadilika kwa kugeuza usukani tu, waya umebanwa njiani, mara nyingi chini ya tangi au karibu na shingo. Waya mpya ni hela ndogo kuliko gasketi na oili utakayomwaga ukipasua injini.

Ukirekebisha, skrubu ya juu kwenye usukani irudishe karibu yote ndani kwanza, halafu fanya kazi kwenye nati za chini upande wa injini. Ya juu iachie kwa marekebisho madogo ya barabarani.

Waya ukiwa mzima na bado klachi haiachii, ondoa jalada la kulia. Injini nyingi za Kichina za CC 125 na 150 zimenakiliwa kutoka Honda CG125, na humo kuna mambo matatu ninayoyakuta. La kwanza, nyumba ya klachi: vidole vyake vinachimbwa na masikio ya pleti mpaka vinakuwa na ngazi, pleti zinanasa mle badala ya kuteleza. Pitisha kucha, utazisikia. Zikiwa za juu juu zinapigwa tupa, zikiwa za kina nunua nyumba nyingine. La pili, pleti za chuma zimepinda kwa moto. Zilaze juu ya kioo uone kama zinayumba. La tatu, kifungio cha katikati kimelegea na klachi nzima inacheza. Hili la tatu mafundi wengi wanalipita.

Oili nayo isemwe, ila kwa haraka. Ikizidi kipimo au ikiwa nzito mno, klachi inaburuta. Iliyochoka sana inafanya gia zikwaruze. Tafuta kopo lenye maandishi JASO MA au MA2. Oili za gari zilizotengenezwa kupunguza matumizi ya mafuta zina viungo vya kuteleza, na klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, kwa hiyo itateleza: injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Huo ni ugonjwa mwingine na siyo wako, ila watu wanauchanganya na wa gia.

Sailensa pia, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujavuta moto. Ikiwa juu, nyutro utaitafuta mpaka taa ya kijani iwake na kuzima tena. Punguza.

Gia ya tatu sasa. Kabla ya yote itazame pedali. Pikipiki iliyowahi kulala upande wa kushoto pedali inapinda, inagusa jalada au kiti cha mguu, haimalizi safari yake, na gia inaingia nusu. Gia iliyoingia nusu lazima ichomoke. Angalia na meno yake pale inaposhika shafti: yakilika, pedali inacheza kabla ya kuvuta kitu. Na tafadhali asikuchomelee mtu pedali kwenye shafti. Nimezipokea nyingi za hivyo. Sili ya oili imeungua, oili inavuja, na siku ya kufungua jalada la kushoto inabidi tukate.

Pedali ikiwa nzima, jiulize: ni ya tatu peke yake au na nyingine? Zikichomoka gia mbalimbali bila mpangilio, shuku kile kishikizo chenye springi kinachoilaza gia mahali pake, pamoja na springi ya kurudisha pedali. Kwa CG vyote viko kulia, nyuma ya klachi. Vinabadilishwa bila kushusha injini, na fundi akikwambia lazima apasue kwa ajili ya springi, tafuta mwingine. Ikiwa ni ya tatu tu, tena unapopiga resi kwenye kilima au unapoachia ghafla, hapo kweli meno ya ubavuni ya ile gia yamekuwa ya duara, au uma wa kuisukuma umelika au kupinda. Hiyo haina njia ya mkato, ni kupasua.

Oili ndiyo shahidi. Imwage ya moto kwenye beseni safi, paka kidogo viganjani na uitazame juani. Vumbi laini linalometa kama magamba ya dagaa ni la kawaida kwa pikipiki ya kazi, hasa ukichelewesha oili. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida.

Kinachoua uma hizo ni kuegesha mguu juu ya pedali muda wote, na kuondoka na gia ya pili ukiwa na mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja. Na ule mchezo wa kushuka mlima na nyutro kuokoa mafuta, halafu chini unashindilia ya tatu, nao umo.

Ikifikia kupasua, uwepo. Ibadilishwe gia pamoja na ile inayoshikana nayo ubavuni na uma wake, siyo moja tu, maana jino jipya likikutana na lililolika litachomoka tena. Majalada yafunguliwe kwa kugongwa na nyundo ya mpira, asiingize bisibisi kwenye maungio. Akiyachubua, oili itavuja hata aweke gasketi mbili. Vya zamani udai uondoke navyo.

Fanya kwanza lile jaribio la tairi, uje useme gia ziliingia au ziligoma, na kama pikipiki iliwahi kulala kushoto.