Maswali yenu: ile muvi ya James Dean

Tangu ile filamu ya TV ya 2001 kuhusu maisha ya James Dean, yule mwigizaji wa zamani wa Hollywood, ianze kuzunguka kwa flashi huku Kondele, Kisumu, simu yangu haipumziki. Haya, twende.

Huyo kwa muvi ni James Dean mwenyewe? (Nyalenda)
Jamani! Dean alikufa 1955. Huyo ni mwigizaji James Franco, na majina yameandikwa hapo mwanzo, kwani mnaruka ya nini?

Yote yaliyo ndani ni kweli? (Kakamega)
Mambo makubwa ndio. Mamake alikufa akiwa na miaka 9, akalelewa na shangazi yake Fairmount, Indiana, akaanza na tangazo la Pepsi, akahangaika na michezo ya TV huko New York mpaka mwongozaji Elia Kazan akampa nafasi kwa filamu ya East of Eden. Lakini yale maneno anarushiana na babake wakiwa wawili tu, nani alikuwa chini ya meza akiandika? Hayo ni ya mwandishi wa skripti. Mimi nimechoka na watu wa kuona muvi moja ya mtu halafu wanabishana kwa kinyozi kama wamesoma naye. Tafuta filamu za Dean mwenyewe, ziko tatu tu kubwa. Kwa East of Eden kuna mahali mzee anakataa pesa za kijana wake, ambaye ndiye Dean, skripti ilisema kijana ageuke aende zake, Dean akamrukia akamkumbatia akilia, na ule mshtuko unaona kwa uso wa Raymond Massey, aliyecheza huyo mzee, si wa kuigiza.

Alishinda Oscar? (Busia)
Hapana. Aliteuliwa mara mbili, zote akiwa kaburini. Franco ndiye alibeba Golden Globe kwa kumuigiza, na mimi naona alistahili.

Nataka kuwa staa, kuna jamaa anataka 3,000 ya odisheni, nitume? (Nyamasaria)
Usitume hata bob! Odisheni ya ukweli hailipiwi. Na mkiniambia Lupita Nyong'o, mwigizaji wetu, alipanda siku moja nitakasirika, huyo alicheza Juliet Nairobi akiwa na miaka 14, akafanya kazi nyuma ya kamera kwa filamu ya The Constant Gardener, akaingia kipindi cha TV cha Shuga 2009, Oscar ikakuja 2014. Hesabu hiyo miaka kabla hujafungua M-Pesa.

Iko ile ya DJ anatafsiri juu yake? (Maseno)
Hii watu wanaongea polepole na kunyamaza sana, DJ atapigia kelele nini?