Kitabu hakitoki rafuni bila barua

Mwalimu, usikitoe. Na kama umeshakitoa, kesho asubuhi kirudishe kabla ya paredi, halafu ndiyo usome haya yangu.

Umeandika kwamba mzazi mmoja kalalamikia Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, mkuu wako wa shule kakwambia nakala zote mbili "uziweke pembeni kimyakimya mpaka upepo upite", nawe unauliza kama kuna ubaya. Umeuliza pia namna ya kupanga rafu na kupata vitabu bila bajeti. Hayo yatasubiri; leo najibu hili la kwanza, maana ndilo linalokupeleka shimoni. Mimi niliambiwa maneno kama hayohayo, nikatii.

Ilikuwa 2023. Februari ile Wizara ya Elimu hapa Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, nami nikaingiwa na hofu. Marufuku ile siikubali mpaka leo. Lakini angalau ilikuwa orodha: kila kitabu na jina lake, unashika kalamu unahakiki. Nilihakiki. Katika maktaba yangu hakikuwamo hata kimoja. Kazi ilipaswa kuishia hapo.

Haikuishia hapo. Mtu mmoja aliyekuwa juu yangu kikazi akaja akasimama mlangoni, ndani hakuingia, akasema, "Mwalimu, safisha maktaba. Vyenye mambo ya mapenzimapenzi toa vyote, tusije tukaumbuka." Nikamuuliza ni vipi hivyo. Akanijibu, "Utavijua tu." Utavijua tu! Neno hilo likinijia usiku hasira zinapanda upya. Miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kumwona na kitabu cha hadithi mkononi, na yeye ndiye wa kuniambia watoto wasisome nini.

Jumamosi nikajifungia maktaba. Kuvisoma vyote nisingeweza, kwa hiyo nikavihukumu kwa majalada na kwa kurasa nilizozifungua kwa kubahatisha. Chenye picha ya msichana na mvulana, toa. Chenye neno "mimba", toa. Kilikuwapo kijitabu kinachowaeleza wasichana habari za hedhi, nacho nikakitoa. Kufika jioni vilikuwa 43, ndani ya maboksi matatu ya sabuni. Nikayapeleka stoo ya michezo, chini ya nyavu za goli. Sikuandika popote. Kimyakimya, kama unavyoagizwa wewe.

Rosa Mistika kilikuwamo. Katikati ya kurasa zake kulikuwa na kipande cha karatasi ya daftari la hesabu, kimekunjwa mara mbili, alama ya mtu aliyeishia hapo. Nilikiona nikakiacha humohumo, nikafunga boksi.

Jumatatu wakati wa mapumziko akaja binti wa kidato cha tatu, mtoto ambaye darasani sauti yake huisikii. Alikuwa hapendi kuazima, akisoma palepale maktaba kila siku kurasa chache. Akapitisha kidole kwenye migongo ya vitabu mpaka pale kilipokuwa, akasimama, akauliza. Nikamwambia kimeazimwa. Jumatano akaja tena. Nikasema kimeazimwa. Wiki iliyofuata hakuuliza. Aliliangalia lile pengo, akaniangalia mimi, akatoka. Hakukanyaga tena maktaba mpaka anamaliza shule. Nilimdanganya mtoto mara mbili kulinda amri ambayo mwenyewe aliyeitoa hakuwa tayari kuiandika.

Na wewe, umekisoma? Nauliza kwa sababu mimi nilikitoa bila kukisoma, nikaja kukisoma baadaye kwa aibu. Kezilahabi alikuwa hajafika hata miaka 30 kilipochapishwa, 1971. Kikakataliwa mashuleni, miaka ikapita, kikaja kukubaliwa na kusomeshwa sekondari, hapa na hata Kenya. Maneno ni yaleyale, kwamba kinafundisha uhuni. Humo mna binti aliyelelewa kwa kipigo, baba hataki hata kusikia habari za mvulana. Siku anapotoka mikononi mwa baba hana kinga yoyote, na miongoni mwa wanaomharibu wamo watu wazima waliokabidhiwa kumlea. Mwisho wake ni kifo. Sasa ni mtoto gani atayasoma hayo atamani kuyaiga? Mimi nina binti. Ningependa azijue hatari hizo kwenye karatasi kabla hazijamfikia zimevaa tai. Mzazi huyo anayelalamika mpe nakala moja, mwombe akisome chote, kisha mkae mzungumze.

Nirudi kwenye hasara. Mwaka uliofuata wakaja wakaguzi, wakafungua leja, wakahesabu. Pungufu 43. Nikakimbilia stoo. Masika ilikuwa imeingiza maji, mchwa wamepanda kutoka sakafuni. Boksi la chini lilikuwa udongo mtupu, ukinyanyua kitabu jalada linakuja mkononi, kurasa zinabaki chini. Niliokoa 14. Kile chenye alama ya yule binti hakikuwamo.

Tukaitwa kikaoni. Yule bwana akaulizwa, akajibu bila kupepesa macho, "Mimi sikumwagiza mwalimu atoe kitabu chochote. Nilisema maktaba isafishwe." Akaeleza kuwa alimaanisha vumbi. Nikatazama huku na huku nitafute shahidi. Shahidi ni nani, wakati tulikuwa wawili mlangoni? Karatasi sina, saini sina. Nikaandika maelezo ya upotevu wa mali ya shule kwa jina langu, na vitabu nikavilipa kidogokidogo kwenye mshahara. Vingine havichapishwi tena, hata ukiwa na fedha huvipati. Hayo ndiyo yanayoniuma kuliko fedha.

Ndiyo maana nakwambia, kitabu hakitoki rafuni bila barua. Barua yenye jina la kitabu, sababu ya kukiondoa, jina na saini ya anayeagiza, na muhuri. Kesho ingia kwa mkuu wako kwa adabu zote umwambie, "Mkuu, naomba maelekezo hayo kwa maandishi niyaweke kwenye faili la maktaba." Basi. Usibishane. Tangu yanikute nimeomba hivyo mara tatu, na hakuna aliyeandika hata mstari, kwa sababu ukitakiwa kuandika kwa mkono wako kwa nini watoto wasisome kitabu fulani, inabidi kwanza ukijue hicho kitabu.

Na barua ikija kweli, usiitekeleze kabla haijafika bodi ya shule. Barua inajibika. Unaweza kusimama ukaitaja ibara ya 18 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari, na wajibu wako uwe kwenye kumbukumbu. Neno la mlangoni unalijibuje?

Mzazi ana sauti juu ya mwanawe. Asipotaka mwanawe aazimishwe, andika pembeni ya jina la mtoto kwenye daftari la kuazima, umheshimu. Juu ya watoto wa wenzake hana sauti hiyo, hata akija na wazazi kumi.

Ila kabla ya yote, fungua hizo nakala mbili utazame katikati. Kama kuna karatasi imekunjwa, iache hapohapo ilipo, urudishe kitabu rafuni. Mwenyewe atakuja mapumziko.